Sindano ya Kufunga Mlango

Mimi ni muuguzi huku Macalder, na sijawahi kuteswa na ugonjwa kama nilivyoteswa na mdomo wangu mwenyewe. Jumapili moja nilienda nyumbani kwetu Ndhiwa, na kanisani nikaombwa nieleze chanjo ya wasichana. Kijaluo kingetosha kabisa. Lakini nilitaka wajue nimesoma, nikashika maiki na kumwaga Kiswahili: "Sindano hii inafunga mlango, ili saratani ya mlango wa kizazi isiingie!" Wakaitikia amina. Nikarudi kazini nimevimba kichwa.

Kumbe walichobeba ni hiki: inafunga kizazi. Na kufunga kizazi hakuna mama asiyejua maana yake.

Wa kwanza kukataa alikuwa dada yangu mkubwa. Binti yake alibakiza siku tisa atimize miaka kumi na tano, na chanjo yetu mwisho wake ni kumi na nne. Nikampigia simu.

"Nyaminwa, mdogo wangu, wewe umezaa wanne," akaniambia. "Mimi niko na huyu mmoja tu. Mnataka kumfunga?"

"Hakuna anayefungwa, dada! Ni chanjo tu!"

"Si ni wewe ulisema church? Nilikuwa nimekaa mbele."

Nilitamani kujizaba kofi. Kila siku nilipiga, kila siku akanirudishia maneno yangu yaleyale, neno kwa neno. Siku ya saba nikaomba ruhusa, nikaenda. Nilimkuta na sinia akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, hata kiti hakunipa. Basi nikasema kwa Kijaluo, bila mbwembwe: ugonjwa tunaouzuia ndio uliomuua mama.

Mikono yake ikasimama.

"Mama alikufa kwa tumbo," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyotangaza matangani. Yeye alikuwa na mawazo yake mengine: alimshuku mke mwenza wa mama kuwa ndiye aliyemroga, na hajamsalimia tangu mazishi.

"Ile damu, dada. Ilitoka hapo. Ilikuwa saratani."

"Ulijua lini?"

"Tangu alazwe." Niliona haya kutaja mahali penyewe. Mimi, muuguzi mzima!

"Mimi ndiye nilikuwa namwosha," akasema polepole. "Nilifua zile nguo mpaka mwisho. Na wewe ukaninyamazia."

Akaisukuma ile sinia kando, akamwita binti yake.

"Vaa viatu," akamwambia. "Tunaenda hospitali. Huyu mama yako mdogo wa kanisani atabaki hapa amalizie omena."