Makofi ya Kambo Feza

Harufu ya chisense walioanikwa haijanitoka puani hata leo. Ni visamaki vidogo vya Ziwa Mweru, vyembamba kama vijiti vya kiberiti. Ukivitandaza mchangani asubuhi, kufikia adhuhuri ufuko wote wa Kabuta unanuka samaki, majani ya ziwani na mchanga uliopata moto. Wageni kutoka bara walikuwa wakiziba pua. Sisi tuliokulia pale tulisikia njaa. Nikipita sokoni nikakutana na harufu ile, nakuwa tena mtoto wa miaka kumi na mmoja, miguu mitupu, kijiti mkononi, nafukuza kuku na kunguru huku bibi yangu akinikemea kwamba nimezubaa. Na kweli nilikuwa nimezubaa. Nilikuwa mtoto wa kuimba, si wa kufukuza kunguru.

Bibi tulimwita Kambo, kama watu wa Katanga wanavyowaita bibi zao. Jina lake lilikuwa Feza. Alivuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita pamoja na mama yangu, mimi nikiwa mgongoni, na tangu siku hiyo hakupanda tena mtumbwi. Mama ndiye aliyekwenda Kisiwa cha Kilwa, humo humo ziwani, kununua samaki, Kambo akabaki kuwaanika. Lakini mtumbwi ukionekana tu kwa mbali, aliacha kazi, akateremka mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, akaanza kupiga makofi taratibu na kuita majina ya waliomo: mwenye mtumbwi, wapiga kasia, mama muuza mafuta, hata kitoto kilicholala mgongoni. Kwa kila jina sisi watoto tulijibu kwa pamoja, "Tuko naye!" Mgeni aliulizwa jina lake kabla hajakanyaga mchanga, kisha naye akaitwa. Hakuna aliyempa Kambo kazi hiyo. Alisema tu kwamba ziwa lile limekula watu wengi, na mtu akirudi inafaa asikie kwamba alikuwa anangojwa. Mara moja nilikwenda Kilwa na mama, na wakati wa kurudi, upepo ukiwa umetutapisha sote, nikasikia jina langu likija juu ya maji kwa sauti ile. Sijui kama nimewahi kupokewa hivyo mahali pengine.

Msimu ninaoukumbuka zaidi ulikuwa wa kampeni. Magari yenye spika yalipita barabarani kutwa nzima, na akina mama waligawiwa vitenge vyenye sura ya mheshimiwa, sura hiyo ikikaa kifuani kwa mmoja na makalioni kwa mwingine. Mwenyekiti wa ufuko wetu, Bashi Mulenga, yaani baba yake Mulenga, alikusanya watoto ili tumpokee mgombea kwa wimbo. Akanichagua mimi niongoze, kwa sababu sauti yangu ilifika mbali. Nilipewa fulana iliyonifika magotini. Nilifurahi mno, jamani! Niliimba jina la yule bwana nikiteka maji, nikifagia, nikila. Kambo alicheka. "Hata mbuzi banaisha kumujua," akasema.

Kisha Bashi Mulenga akamletea yeye kitenge chake. Kambo alikikunjua, akakitazama, akakikunja tena vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Aksanti, baba. Miye sitaenda."

"Awe, mayo. Hapana, mama," akasema mwenyekiti, akichanganya Kibemba na Kiswahili chake cha sokoni. "Bonse, bote, banaenda. Mwenye hataenda, atafute fasi ingine ya kuanika."

"Basi nitatafuta."

Niliogopa. Kiwanja chetu cha kuanikia kilikuwa kizuri kuliko vyote, mchanga laini usio na mawe, na ndicho kilichotulisha. Mwenyekiti alipoondoka nilimlilia Kambo akubali kwenda kumpokea, ni makofi tu. Akaniketisha karibu naye, mikono yake ikiendelea kugeuza samaki.

"Nilikuwa muke kijana," akasema, "mama yako eko ananyonya. Bakatutosha mu manyumba tuende kuchezea Président ngoma na kumupigia makofi, asubui mpaka jua inashuka. Maziwa ikatoka, ikalobanisha ile sura yake ya ku kitenge, hapa kwa kifua. Mutoto eko nalia ku nyumba, na miye niko nachekea mutu mwenye hanijue. Nyuma yake akakuya mwengine na bunduki, anasema atatukomboa. Tukapigia na ule makofi. Vita yake njo ile tulikimbia." Akamtoa chisense mmoja aliyeoza. "Sasa ninapigiaka makofi mutu mwenye najua jina yake, na yeye anajua yangu. Weye enda uimbe. Sauti ni yako. Mikono ni yangu."

Siku ya mheshimiwa tulipangwa ufukweni tangu asubuhi, migongo kwa ziwa, macho barabarani. Jua likapanda, hakuna mtu. Midomo ikakauka. Mwishowe vumbi likaonekana kwa mbali, Bashi Mulenga akainua mkono tujiandae, na papo hapo nikasikia nyuma yangu makofi ya taratibu. Mtumbwi wa Kilwa ulikuwa unaingia, mama yangu akiwa ndani. Kambo alikuwa peke yake majini, akaita jina la kwanza. Sikufikiri hata kidogo. Niligeuka nikajibu kwa nguvu zangu zote, "Tuko naye!" Na kwaya nzima, iliyokuwa imefundishwa wiki nzima kufuata sauti yangu, ikageuka nayo ikajibu. Akaita la pili, tukajibu. Akina mama wa vitenge nao wakaanza kupiga makofi. Mheshimiwa alipofungua mlango wa gari alikuta migongo yetu. Tulimwimbia baadaye, ndiyo, lakini sauti zilikuwa zimekwisha.

Kiwanja tukanyang'anywa kabla ya Jumapili. Tulihamia mwisho wa ufuko, kwenye mawe, ambako tulianika juu ya nyavu kuukuu na nusu ya samaki walivunjika. Tulikula mara moja kwa siku miezi ile. Nilimchukia Bashi Mulenga kwa moyo wangu wote wa kitoto. Basi alasiri moja upepo mkali ukalivuruga ziwa, na mtumbwi uliorudi umejaa maji nusu ulikuwa na yeye ndani, amelowa, ameshika ubao kwa mikono yote miwili. Kambo aliingia majini. Akapiga makofi yale yale, hakupunguza hata moja, akaita, "Bashi Mulenga!" Sisi kimya. Akanigeukia, akanitazama. Akaita tena. Nikajibu, "Tuko naye," na nikamwona mwenyekiti akiuficha uso wake begani. Kiwanja hakuturudishia, wala Kambo hakukiulizia.

Siku hizi naishi mjini, mbali na ziwa. Nimeombwa mara nyingi kuimba kwenye mikutano ya wakubwa wa vyama vya kila rangi, na wengine wana maneno mazuri kweli. Kura napiga, sauti siwapi. Mitumbwi mingi ina mashine sasa, na anayefika anaandika kwenye simu kwamba amefika. Mwaka huu nilishuka basi pale Nchelenge, mji ulio kando ya ziwa letu, wakati wa kampeni nyingine. Gari la spika lilikuwa likipiga kelele za jina la mtu, likizunguka soko bila kuchoka. Nilitembea mpaka majini, nikasimama na begi langu, nikajikuta nangoja kuitwa, mtu mzima mimi, ilhali Kambo tulimzika miaka mingi iliyopita. Hapo nikakumbuka kwamba jina lake yeye hakuna aliyewahi kuliita ufukweni, kwa kuwa hakupanda mtumbwi tena. Nikaweka begi chini, nikapiga makofi taratibu.

"Feza!" nikaita. Wavuvi wakageuka kunitazama. Nikajijibu mwenyewe, "Tuko naye."