Kuagana kwa Kijapani, Hapa Bagira

Binti yangu wa mwisho alipopata nafasi ya kusoma Japani kwa miaka miwili, alianza kujifunza lugha ya huko kwa simu, mezani petu mtaani Bagira. Mimi, niliyeitumikia ofisi ya serikali tangu ujana hadi kustaafu, nilimfungulia daftari lenye safu nne: neno, anayelisema, anayeambiwa, mahali.

Kuagana peke yake kulijaza kurasa mbili. Marafiki huambiana "ja ne", haya basi. Mgonjwa huambiwa "odaiji ni", ajitunze. Anayetoka kazini kabla ya wenzake husema "osaki ni shitsurei shimasu", yaani anaomba radhi kwa kutangulia. Hilo lilinichoma. Katika ofisi yetu watu walitundika koti kwenye kiti ili waonekane wapo, kisha wakaenda zao saa nne asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba radhi!

Kwa siku ya safari nilijichagulia "sayonara", nikidhani ndilo rasmi kuliko yote, nikaandika na hotuba fupi.

"Hapana, papa," akasema binti yangu. "Ile iko nzito. Ni kama vile hatutaonana tena."

Nikalikata neno hilo daftarini. Kaka yake alikwenda Ulaya kwa mwaka mmoja, na hadi leo hajarudi.

"Ukitoka kwenu, unasema 'itte kimasu': naenda, nitarudia. Mwenye kubakia nyumbani anajibu 'itte rasshai': wende, urudie. Lakini lazima abakie, papa. Usinisindikize."

Baba asimsindikize mwanawe hadi mpakani, anakovukia kwenda kupanda ndege! Kwetu hata mgeni aliyekuja kula mchana husindikizwa hadi barabarani. Dada yangu alipandisha sauti: "Muzee, pensheni imekuharibu kichwa! Watu watasema umemufukuza mutoto!"

Asubuhi ya safari ukoo mzima ulishuka na masanduku kuelekea mpaka wa Ruzizi. Mimi nilisimama mlangoni, nimefunga tai. Binti yangu akageuka, akasema neno lake. Nikajibu langu, mara mbili, kwa kuwa la kwanza halikutoka vizuri. Hotuba ilibaki mfukoni.

Jioni shemeji yangu, mume wa dada, aliulizia chumba cha binti yangu, eti mwanawe akihamie. Nilimjibu kwa barua, nakala kwa dada yangu: chumba kina mwenyewe, naye yuko safarini.