Unga wa Chuma wa Safi

Enzi zile za Zaire, mtumishi wa serikali hakuhama mpaka mkubwa wake atie sahihi. Safi, mkemia wa maabara ya hospitali moja mjini Kindu, aliingojea sahihi hiyo tangu mumewe Amuri ahamishiwe Kisangani na kwenda na watoto wao. Hamu ya watoto ilimkondesha mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni.

Kila alipoomba, mkurugenzi, Dokta Tambwe, alikuwa na jibu lile lile, akimwita sitwayene, yaani raia, kama walivyoitana watu enzi zile. Dawa ya kupima sukari kwenye damu ililetwa kwa ndege, na ndege nayo ilikuja ikipenda.

"Ile dawa inaisha kila mara, sitwayene. Tengeneza hiyo shida, njo nitakuacha uende."

Safi akalishika neno hilo. Msomi mzima! Ahadi ni deni, sawa, lakini mkubwa anadaiwa na nani?

Moyo wa dawa ile ni kimeng'enya, kitu kidogo mno kinachoibadili sukari bila chenyewe kuisha. Tatizo ni kwamba kila baada ya kipimo kilimwagwa pamoja na maji. Safi akatengeneza unga mweusi wa chuma, laini kuliko wanja, akakinasisha kimeng'enya juu yake. Kipimo kikiisha, alibandika ubavuni mwa chupa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Unga ulijikusanya hapo, maji yakamwagwa, nao ukaoshwa na kungojea damu nyingine. Mara nyingi ulimgomea. Siku ulipokubali, Safi alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Jumatatu, watumishi walipokusanyika chini ya bendera, kikundi cha animasio, waimbaji wa kukisifu chama tawala, kikaimba na kucheza jina lake. Dokta Tambwe akamvika mabegani kitenge chenye picha ya mwenge wa chama hicho.

"Sitwayene Safi njo wa kwetu! Hakuna mutu atamutoa hapa Kindu!"

Makofi yakalipuka. Hapo Safi akajua amekwisha. Kitenge cha chama hakirudishwi, na anayekipokea mbele za watu amekubali yote yaliyosemwa. Akainama, akashukuru. Angefanya nini?

Baadaye alimfuata ofisini. "Dokta, uliniambia nitaenda."

"Sasa njo hapana kabisa, mama. Huo unga nani anaweza kuuosha kama wewe?"

"Nitafundisha mutu."

"Mutu gani? Hakuna." Alisema hayo kwa upole, akitabasamu, na upole huo ndio uliomuudhi Safi kupita kiasi.

Alirudi maabara na hasira zake, akaichukua chupa ya unga, akafungua bomba. Unga ukienda na maji, hakuna tena wa kumng'ang'ania. Aliinamisha chupa juu ya karai.

"Hodi, mama Safi." Alikuwa Jamila, muuza mchele wa Kibombo, amembeba binti yake, mwili umelegea, midomo imekauka. "Watu wanasema hapa munapima sukari hata kama ndege haiko."

Safi alimtazama yule mtoto, akaangua kilio waziwazi, bila kujificha. Kisha akafunga bomba.

"Mukalishe hapa," alisema. "Nipatie mukono yake."