Povu la Amuron

Amuron hakuwa mwanamke wa kubembeleza wala kubembelezwa. Malaba nzima ilimjua kwa miguu yake na ngumi zake. Miguu aliipata kwenye magendo, akivusha sukari kwa njia za panya huku askari wa forodha wakimfukuza na marungu. Ngumi zilikuja siku mwanawe Oluka alipoanguka kifafa jikoni kwa jirani, mkono ukaingia motoni. Watu wazima walikuwamo humo jikoni, na hakuna aliyemgusa, maana wanaamini povu la mwenye kifafa likikupata, nawe umekwisha. Walisimama mlangoni wakaangalia mkono wa mtoto ukiungua. Amuron alifika mbio, akamvuta mwanawe, akamlaza ubavu, kisha akachukua mchi wa kinu akamvunja jirani taya. Atakayemlaumu na amlaumu.

Mwaka wa tisini na sita kliniki ya watoto wa kifafa iliishiwa dawa kabisa. Parokia ikaandaa mbio kutoka Malaba hadi Busia ili kuchangisha pesa. Ogendo, mwenye duka la jumla Busia, akaahidi mbele ya kanisa kwamba mzazi mmoja tu wa watoto hao akifika mwisho, yeye atalipia dawa za mwaka mzima. Labda alijua wazazi wenyewe walivyochoka. Walianza wachache, na jua lilipochoma, wote wakakaa chini isipokuwa Amuron.

Katika soko moja la njiani, ng'ombe wa mnada walikuwa wameziba lami. Mtu mwingine angesubiri. Amuron, kwa mazoea ya magendo, alichepuka akapita nyuma ya vibanda, miguu mitupu, macho mbele, namba yake ya karatasi imeshachanika kwa jasho. Bahati mbaya gani hii, maana dakika hiyo hiyo mama mmoja alikuwa amenyakuliwa kibeti upande wa pili. Mtu anayekimbia nyuma ya vibanda sokoni hana maelezo.

"Mwizi ndiye huyo. Shika yeye."

Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. Rungu likampigisha goti. Alipoinuka akamng'ata mtu kidole mpaka mfupa, akamtia mwingine kiwiko cha pua, lakini walikuwa wengi na kila mmoja alitaka kugusa. Mnyororo wa baiskeli ukampasua shavu. Alijaribu kusema anakimbia kwa ajili ya watoto, ngumi ikaufunga mdomo. Ndipo akaona tairi kuukuu likisukumwa kuja kwake, akasikia harufu ya petroli. Akawaza jambo moja tu, kwamba akifa hapa Oluka hana dawa na hana mtu wa kumgusa.

Amuron akajitupa chini.

Alikijua kifafa kama anavyojua njia za panya. Akageuza macho, akakaza taya, akakunja kiganja ndani, akatikisa miguu, na mate yaliyochanganyika na damu akayasukuma yatoke kama povu.

"Wacha yeye. Ako na ile kitu."

"Usimguse, boss. Itakushika."

Watu waliokuwa na ujasiri wa kumchoma binadamu mchana kweupe wakaruka nyuma kwa kuogopa mate. Mwenye tairi akaliacha, akaenda zake akipangusa mikono kwenye suruali. Amuron alilala pale akitetemeka, na sasa hakuwa anaigiza. Ilikuwa hasira. Uoga huu huu ndio uliomuunguza mwanawe, na leo ndio umemwokoa yeye. Alipoona nafasi imepanuka, akainuka, akakimbia. Hakuna aliyemfuata.

Habari zilimtangulia kwa baiskeli. Alipoingia Busia akichechemea, damu kifuani, umati ulimpisha mbali kupita kiasi. Dada aliyekuwa akiwagawia wakimbiaji maji aliweka kikombe chini akarudi nyuma. Ogendo alikuwa amenyoosha mkono wa pongezi, akaurudisha mfukoni.

"Mama, wanasema umeanguka kifafa huko njiani. Ni ukweli?"

Jibu alikuwa nalo. Angesema amewachezea tu, Busia ingecheka na kumbeba juu juu. Lakini watoto wa kliniki, walioletwa Busia kuona mwisho wa mbio, walikuwa wameketishwa kwenye mkeka, kando kabisa na watu, na Oluka alikuwa amesimama katikati yao akimtazama, amekwisha kusikia.

"Ni ukweli," Amuron alisema kwa sauti ya kumfikia mwanawe. "Kilinishika, nikaamka, nikakimbia. Dawa utalipa ama hulipi?"

"Nitalipa, mama."

"Basi nipe mkono."

Akaunyoosha wa kwake, wenye damu na mate, akaungojea. Ogendo aliutazama, akautazama umati, akautoa mkono mfukoni. Amuron akaukamata, akauminya mpaka mtu mzima akakunja uso.

Kisha akaenda mkekani, akajiangusha kando ya mwanawe.

"Mama, na wewe pia?" Oluka akamnong'oneza.

"Na mimi pia."

Oluka akavua shati lake, akaanza kumfuta povu lililomkaukia kidevuni.