Chupa Iko kwa Shemeji, Jembe Liko Mkononi

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala bondeni Maguu, na Notburga Kinunda ameshamaliza ngoro ya tano. Anasimama katikati ya mraba wa majani makavu, anachimba udongo na kuutupa juu ya majani pande zote nne, mpaka yanafunikwa na shimo linabaki katikati. Kisha anaegemea mpini na kuusikiliza mwili wake, kama mtu anayetegea sikio chungu kilichoinjikwa.

"Jana saa hizi nilikuwa na saba," anasema. "Au sita. Sijui."

Notburga ana miaka sitini na miwili. Ni mjane, na watu wengi humwita Mama Aurelia. Mteremko anaoulima aliachiwa na mumewe. Una ngoro, mashimo haya ya kuzuia maji, mia tatu hivi, na zote lazima zichimbwe kabla Machi haijaisha, maharage yawahi mvua. Ukiacha sehemu bila kuchimba, maji hupata njia, na udongo wako huenda kufukia shamba la jirani wa chini.

Mwaka juzi aliacha sehemu. Pumzi ilimwishia, magoti yakagoma, na theluthi ya chini ikabaki nyasi. Shemeji yake, mzee Kilian, mdogo wa mumewe na sasa mkubwa wa ukoo, hakumgombeza. Alisema tu kwamba sehemu ikiachwa tena, mteremko atapewa Mansuetus, mwanawe.

"Alisema kwa upole," Notburga anakumbuka. "Ndiyo maana iliniuma."

Februari mwaka jana binti yake, Aurelia, anayefanya biashara ya usipa, dagaa wa ziwani, huko Mbamba Bay, alipanda milimani kumwona. Alimletea debe la usipa mkavu na chupa ya vidonge sitini. Chupa aliinunua kwa mama mmoja mchuuzi, mmoja wa wengi wanaopita siku hizi tangu biashara ilipoachwa huria, kwa shilingi elfu ishirini na nane. Kilo ya kahawa yake msimu ule ililipwa shilingi mia tatu hamsini. Notburga alipiga hesabu ya kilo themanini, lakini akashukuru tu, asimvunje moyo mtoto.

Maelezo ya mchuuzi yalimwingia. Alikuwa amemwambia Aurelia kwamba ndani ya mwili mna vimashine vidogo visivyoonekana, vinaitwa mitokondria, na kazi yake ni kama ya mashine ya kusaga: chakula kinaingia, nguvu inatoka. Mtu akizeeka, mashine zinachoka. Vidonge vinazilisha. Ameze viwili kila asubuhi kwa mwezi mzima.

Alimeza siku nne. Siku ya tano ilikuwa Jumapili, na Jumapili ukoo wao bado unakula sengu: kila mama anabeba chungu chake hadi kwa mzee Kilian, na wote wanakula pamoja. Kitu alicholeta mtoto kutoka mbali hakiliwi kwa kujificha.

"Nilijiona mwizi," anasema. "Nimelea watoto wangu kwenye sengu ile. Leo nimeze nguvu peke yangu, wenzangu wanakula ugali?"

Basi alifungua vidonge hamsini na viwili vilivyobaki, kimoja kimoja, akamwaga unga wake ndani ya chungu cha usipa. Walikula watu kumi na saba, na baada ya kula akawaambia.

Wiki ile, kila mtu alijiona ana nguvu. Kilian alikwenda hadi kijiji cha Mapera kwa miguu na kurudi siku hiyohiyo. Mansuetus, aliyekuwa akimpangia majani ya ngoro, alimtania kila asubuhi: "Shikamoo, mama mkubwa. Mashine imewaka?" Notburga alichimba ngoro kumi na tano kwa siku, akaumaliza mteremko wote hadi mtoni.

Alidhani ameshinda. Lakini kwenye sengu ya kwanza baada ya kumaliza, Kilian alinawa mikono, akasema: "Shemeji, ile haikuwa nguvu yako. Ni ya chupa. Chupa ikiisha, je?"

Notburga mwenyewe hajui nguvu ile ilitoka wapi. Maana kabla Aurelia hajafika, Methodi, tabibu wa zahanati, alikwisha kumpima, akamkuta amepungukiwa damu, akampa vidonge vya kuongeza damu. Na usipa nao aliula kila siku mwezi mzima, yeye aliyezoea maharage matupu.

Methodi anakiri kwamba mitokondria ni kweli zipo, alizisoma chuoni. "Ila kama vidonge vile vinazifikia, na kama vinamrudishia mzee nguvu, mimi sina uhakika," anasema. "Nilimwambia mama asiache kuja kupimwa damu. Hapo nina uhakika."

Januari mwaka huu wa 2003 Aurelia alileta chupa ya pili. Notburga aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru. Jumapili akaibeba hadi sengu, akaiweka katikati ya vyungu ikiwa imefungwa, akamwomba Kilian aiweke kwenye rafu yake. Asiiguse mtu mpaka ngoro ya mwisho ichimbwe.

"Na mimi nisiionje?" Kilian aliuliza. Watu wakacheka, kwa sababu hakuwa anatania.

Zimebaki ngoro tisini na moja. Amejipa hadi sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, siku tisa zijazo. Jana alichimba kumi na mbili. Juzi tisa, kisha akalala chini kwenye majani akitazama mawingu, asijue kama ni uzee, joto, au ni kwamba shemeji alisema kweli.

Mansuetus anapita na mzigo wa nyasi. Anamwamkia, anauliza kama amsaidie safu moja tu, baba hatajua. Notburga anatikisa kichwa.

"Nikishindwa, nimeshindwa mimi, si chupa," anasema kijana alipokwisha kupita. "Na nikimaliza, shemeji ataniachia mteremko wangu, na hatauliza tena nguvu zangu ni za nani."

Na chupa, ataifungua siku hiyo?

Anatema mate viganjani, anashika mpini.

"Tutakula sengu kwanza," anasema, na kuingia kwenye ngoro ya sita.