Nilivyowakana Chaza wa Mama

Naona haya kulisimulia hili, lakini nitalisema. Mimi ni mwalimu hapa mjini, shule ya Usagara, mzaliwa wa Mkwaja, kijiji cha pwani. Utotoni, maji yakipwa, tulikuwa tukienda na mama miambani kubandua chaza. Aliwachemsha, akawaunga kwa tui zito na ndimu, nasi tukala mpaka jasho likatutoka. Mpaka leo sijaonja kitoweo kilichofikia kile.

Mwezi uliopita, tukiwa ofisini saa ya chai, mwalimu mwenzangu anayetoka Maramba, mbali na bahari, alisema, "Watu wa pwani bwana! Mnakula hata makamasi ya baharini!"

Walimu wakacheka. Nami, kwa kutaka kuonekana mstaarabu, nikacheka kuwashinda. "Chaza ni chakula cha watu wenye shida. Kwetu hawajapikwa hata siku moja."

Wiki ileile mama akaja mjini kunitembelea, akapitia shuleni.

"Shikamoo mama," walimu wakamwamkia.

"Marahaba wanangu." Akaweka bakuli mezani, akalifunua. "Nimekuletea chaza wako. Nimewabandua mwenyewe, pamoja na magoti haya yanayouma."

Yule wa Maramba akaniangalia. "Lakini mama, mwenzetu anasema kwenu hamjawahi kuwapika."

Mama akaangua kicheko. "Huyu? Huyu nikichelewa kumpakulia alikuwa akilia mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini!"

Ofisi nzima ikacheka. Kisha mama akanitazama usoni, akaona kwamba sikuwa nimetania, akaacha kucheka.