Uso Wangu na Wiski ya Mahindi ya Njano

Nimeonja wiski ya Kimarekani ya kutosha kusema hivi bila woga: siipendi. Siipendi ile yenye picha ya farasi, siipendi ile yenye bwana wa ndevu ndefu, na ile ya tatu, ya chupa ya pembe nne yenye karatasi ya dhahabu shingoni, ndiyo siipendi kuliko zote, ingawa ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Watu wenye akili zao wamenieleza mara nyingi kwamba kosa ni langu. Kosa nimelikubali, wiski nimeikataa.

Tulifahamiana nayo mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipopata kazi ya kaunta katika hoteli moja ya watalii ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baridi ya kule juu haibishi hodi. Wageni walikuwa wanapanda kutoka bondeni na vumbi lao, wanakuta ukungu umeziba madirisha, na kila mmoja anataka kitu cha kuwasha kifua. Waingereza waliagiza wiski ya kwao, Wajerumani bia, na Wamarekani waliulizia bourbon. Ndimi zetu za kaunta zilishindwa na jina hilo, tukaiita boboni.

Kila Mmarekani alikuwa mhubiri wa boboni yake. Akisikia sijaionja ile ya kwao, ananimiminia kidogo, halafu anakaa kunitazama usoni akingoja niokoke. Hapo ndipo penye shida yangu, kwa sababu uso wangu hauna adabu. Tangu utotoni, nikionja kitu kisichonifaa, pua inapanda, jicho la kushoto linafumba lenyewe, na mdomo unakwenda upande. Mama alijaribu kunifunza, akachoka. Basi pale kaunta nilikuwa nasema, "Nzuri sana, bwana," kwa Kiingereza safi kabisa, huku uso ukitoa taarifa yake tofauti.

Wenzangu waliipenda, au walisema wanaipenda. Mpishi alikuwa anainusa macho kafumba, anasema anasikia sukari guru. Dereva mmoja alisikia ndizi mbivu. Mimi nilisikia mbao. Nilisikia kabati jipya lililopigwa vanishi asubuhi na kuchomwa moto mchana. Mtu pekee aliyeniunga mkono alikuwa mlinzi wetu, Mmaasai wa Kakesio. Mgeni mmoja alikuwa ametueleza kwamba wiski hiyo hulazwa miaka kadhaa ndani ya mapipa ya mbao yaliyochomwa kwa ndani. Mlinzi akaonja, akageuka pembeni akatema kwa heshima, akauliza, "Hawa watu hawana akina mama wa kuwafundisha? Kibuyu kinafukizwa kidogo, maziwa yapate harufu. Wao wameunguza kibuyu chote."

Mgeni yule alituambia pia kwamba boboni hutengenezwa kwa mahindi. Niliposikia hivyo nililiweka neno hilo kichwani, pamoja na mambo mengine ya Wazungu yasiyo na kazi.

Miaka hiyo nilikuwa nampenda binti mmoja wa kijiji cha Qurus. Nilimwona mara ya kwanza mnadani Karatu, akibishana na muuza vyungu kwa sauti ya chini kabisa, na akashinda. Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Alijua nampenda, maana uso wangu ulikwishamwambia, lakini wa kwake haukuwa umenirudishia habari yoyote. Alichosema ni kwamba kama nina neno, niende kwa baba yake.

Baba yake alikuwa mkulima, mzee mfupi, mtaratibu wa maneno, na watu wote wa kule walijua anavyowapima wanaume. Hakuuliza umesoma mpaka wapi. Anakupa kibuyu cha pombe, anakutazama ukinywa. Karani mmoja aliyetangulia kuposa alikunja uso kidogo tu, kwa pombe ya mtama iliyopikwa na mama mwenye nyumba. Mzee alimsindikiza mpaka njiani kwa upole mkubwa na hakumwita tena. "Anayekunja uso kwa pombe yetu," alisema, "kesho ataukunja kwa ugali wetu, na kesho kutwa kwa mtoto wetu." Mimi pombe ya mtama naipenda. Ningekunywa ndoo yake natabasamu, kwa hiyo nilikuwa na matumaini.

Aliyeyatia matumaini yangu mchanga ni baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, aliyekuwa mshenga. Kwetu mtu haendi kuposa mikono mitupu. Anakwenda na pombe ya asali, ili wazee wakikubali wapate cha kubarikia. Mzee mwenye binti anajaza mdomo, anampulizia mposaji kifuani, na wazee wengine wanaitikia. Wakishaitikia, neno limefungwa. Lakini mwaka ule mvua ilikuwa imetutupa, nyuki wamehama, na asali kidogo iliyobaki watu waliificha kwa ajili ya kifua cha watoto. Baba mdogo hakuhangaika hata kidogo. Alikuwa ameiona kwangu ile chupa ya pembe nne, aliyoniachia mgeni mmoja wakati wa kuondoka.

"Tunapeleka hii," alisema.

"Baba mdogo, mimi siipendi."

"Kwani wewe ndiye unayeolewa? Karatu nzima hii, nani amewahi kuposa kwa chupa yenye dhahabu shingoni?"

Ni kweli, hakuwepo. Baadaye nilielewa kwa nini.

Tulifika Qurus mchana. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba na ndugu zake wawili. Tuliamkia, tukapewa viti, tukaulizana habari za mvua ambazo kila mtu alikuwa anazijua. Mama wa binti alikuwa mlangoni, na nyuma yake niliona kipande cha kitenge nilichokifahamu. Baba mdogo akaitoa chupa kwenye kikapu polepole, akaiweka chini juani ili dhahabu ifanye kazi yake. Ilifanya. Mzee aliichukua, akaigeuza, akaipitisha kwa ndugu zake, nao wakaguna kwa namna nzuri.

"Imetoka mbali hii," mzee alisema. "Inapikwa kwa nini?"

Hilo ni swali la lazima. Hakuna mzee wa kwetu anayebariki kwa kitu asichokijua asili yake. Ikiwa asali, atauliza ni ya msitu gani, na ikiwa mtama, shamba la nani. Baba mdogo akanigeukia kwa fahari. "Mweleze, wewe ndiye mtaalamu."

"Kwa mahindi, mzee."

Walifurahi. Mdogo wake mmoja alisema kumbe hata hawa wenzetu ni wakulima. Nami nikaanza kujiona mkwe.

"Mahindi ya wapi?"

"Ya kwao, Marekani."

Ukimya ulioingia hapo lazima niueleze kwa asiyekuwepo miaka ile. Mvua zilipotutupa, duka la kijiji lilianza kutuletea unga wa njano wa mahindi ya Marekani. Tuliupangia foleni na tuliula, na tulishukuru, maana njaa haina mjadala. Lakini watu wa Karatu ni watu wa mahindi meupe. Wanaweza kuonja ugali wakakwambia umetoka upande gani wa kilima. Ugali ule ulikuwa haushikani, ulinuka gunia, na ulimtazama mtu kutoka kwenye sahani na rangi yake ile. Hayo yote tungeyasahau. Halafu mtu mmoja akaleta habari kutoka Arusha kwamba huko kwao mahindi hayo wanalisha nguruwe. Habari hiyo iliumiza kuliko njaa yenyewe.

"Yale ya njano?" mzee aliuliza.

Baba mdogo alinikanyaga mguu. Ningeweza kusema sijui, na kinywa changu kilikuwa tayari, lakini uso ulikwishajibu.

"Ya njano, mzee."

"Kwa hiyo binti yangu anaposwa kwa chakula cha nguruwe." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Baba mdogo akarukia. "Mzee, hiki ni kinywaji cha heshima. Mabalozi wanakunywa."

"Mabalozi sijawaomba binti yao," mzee alijibu, "wala wao hawajaomba wangu."

Mmoja wa ndugu zake akaanza kutafuta fimbo yake chini ya kiti, kama mtu ambaye kikao chake kimekwisha. Niliogopa. Nilitazama kile kipande cha kitenge nyuma ya mlango na nikajua kwamba ningekula ugali wa njano asubuhi na jioni, maisha yangu yote, mradi aupike yeye. Mzee aliniona ninakotazama.

"Na wewe," akaniuliza, "kinywaji hiki unakipenda?"

"Anakipenda mno," alisema baba mdogo.

Mzee aliagiza kibuyu, ile kata ndogo ya kunywea, akamimina boboni kama anavyomimina pombe ya mtama, yaani mpaka juu. Kipimo kile pale kaunta kingewalaza Wamarekani watatu. "Kunywa," akasema, akainama kidogo ili aone vizuri.

Nilimkumbuka karani. Nikaamua kuufunga uso wangu kwa nguvu zote. Nilifikiria mambo mema: mvua, ng'ombe walionona, binti mwenyewe. Nikanywa. Pua ikapanda, jicho likafumba, mdomo ukaenda upande, na hata masikio, ambayo kabla ya hapo hayakuwahi kushiriki, siku ile yalishiriki. Machozi yakanitoka. Baba mdogo alitazama milima.

Mzee alikichukua kibuyu mkononi mwangu, akakinusa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki asiyehukumu asichokionja, akajaza mdomo.

Niliiona pua yake ikipanda. Niliona jicho lake likifumba. Mzee wa watu alijitahidi kumeza, akashindwa, na boboni ile yote ikamtoka mdomoni kwa kishindo, ikanipata mimi kifuani.

"Na iwe hivyo," waliitikia ndugu zake, wote wawili, kwa pamoja.

Ni mazoea. Wamekaa katika posa maisha yao yote. Mzee mwenye binti akipuliza kinywaji kwenye kifua cha mposaji, wao huitikia. Midomo iliitikia kabla ya vichwa. Yule wa fimbo alijiziba mdomo kwa kiganja, lakini neno halirudi. Mama mlangoni, ambaye nadhani alikuwa upande wangu tangu mwanzo, aliona mwanya wake akapiga kigelegele kimoja kirefu, na majirani wakaanza kutokea.

Mzee alijifuta kidevu. Alinitazama mimi niliyelowa, akawatazama ndugu zake, akaitazama chupa. Halafu akaanza kucheka, taratibu kama alivyofanya kila kitu. "Basi," akasema. "Uso wa huyu hauwezi kudanganya. Mwanangu atajua kila siku mumewe anawaza nini."

Kila mtu alikubali kwamba hilo ni jambo jema katika nyumba. Hakuna aliyefikiria kuupima uso wa upande wa pili.

Binti alitoka kuja kuondoa kibuyu. Kilikuwa kimebaki kidogo. Alisimama mbele yangu, mgongo wake ukiwa kwa wazee, akakiinua akanywa yote iliyobaki. Nilimtazama nikingoja. Pua haikupanda. Kope hazikucheza. Alimeza, akanikabidhi ncha ya kitenge chake nijifute shati.

"Si mbaya," alisema, akarudi ndani.

Chupa ilibaki kwao. Siku tulipohamia nyumbani kwetu ilikuja pamoja na vyombo vyake, tupu kabisa, akawa anawekea mafuta ya taa. Nilimuuliza nani aliimaliza. Akasema vitu huisha.

Tumezeeka naye. Mimi sijawahi kumficha kitu hata nikavuka nacho kizingiti. Akinitazama tu anajua chumvi imezidi, anajua nimekutana na nani njiani. Wa kwake uso bado nausoma bila kuuelewa. Majuzi, alipokuwa anachambua maharage, nilipata ujasiri wa kumuuliza kama siku ile ya boboni alikuwa ananipenda kweli, au alinihurumia tu kwa vile nilivyolowa.

Hakuinua kichwa. Alitoa jiwe moja kwenye maharage, akalitupa.

"Hukuwa mbaya," alisema.

Nilitaka kununa, na nilikuwa na haki ya kununa. Uso wangu ulikwishafurahi.